SPIRITI, PAMBA NA SANTURI YA BABU

*Sehemu ya 1*

Nimetoka zamu ya usiku, nimeoga, nimekunywa uji, usingizi haujaja. Wale mnaofuata post zangu mnajua huwa naandika mambo ya presha, chanjo, na wale wanaomaliza dozi siku ya pili kwa sababu "nimeshapata nafuu". Leo sileti dawa. Leo naungama kosa langu mwenyewe, halafu nitawaambia ninachokiamini. Mkinibishia sawa, ila msome mpaka mwisho kwanza.

Kwetu Nyambureti, nyumba ya bibi, kulikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na santuri. Vijana wa 2000 nawaeleza: santuri ni ile sahani nyeusi ya muziki, unaiweka kwenye gramafoni, inazunguka, sindano inapita kwenye vijistari vyake, sauti inatoka. Nyingi zilikuwa zimepasuka. Zima zilikuwa mbili tu zenye maana kwetu.

Ya kwanza ya babu. Nzito, ngumu, karatasi ya katikati imefutika, namba 78 tu ndiyo inasomeka. Babu alikuwa kibarua mashamba ya chai Kericho kabla ya Uhuru. Huko alinunua gramafoni ya kukaza kwa mkono na santuri kadhaa. Hii alikuwa akiipiga wageni wakija: mwanamume anaimba kwa lugha yetu, na litungu linamjibu. Mimi sikuwahi kuisikia. Springi ya gramafoni ilikatika kabla sijazaliwa.

Ya pili ya baba mkubwa. Nyepesi, pana, ya plastiki, jalada lina maandishi ya Kirusi. Alisoma uhandisi wa maji Leningrad kuanzia 1978 mpaka 1984, akarudi na vitabu, koti zito na hiyo santuri.

*Sehemu ya 2*

Miaka mitatu iliyopita akaja kijana mmoja anazunguka vijijini kutafuta santuri za zamani. Ni biashara halali, wapo watu Ulaya na Marekani wanakusanya muziki wa Afrika Mashariki wa zamani na wanalipa. Akaliona sanduku. Akaishika ile ya Kirusi, akaigeuza, akasema "hii ni adimu", akatoa bei: laki moja na nusu. Kaka yangu macho yakamtoka. Ile ya babu akaigonga kwa ukucha akairudisha. "Hii nzito imechoka, hainilipi."

Tukaongea pale nyumbani siku mbili. Kaka anasema tuuze, mabati ya jiko la bibi yanavuja. Baba mkubwa kwenye simu anasema asiiguse mtu. Bibi yeye hakuuliza bei. Aliuliza kitu kimoja tu: "Hiyo ya babu yenu, bado inaimba?"

Nikasema bibi, subiri. Kuna jamaa Musoma ana mashine nzima ya santuri, inacheza zote, za zamani na za plastiki. Nitaipeleka, nitairekodi kwenye simu, utaisikia kabla ya Krismasi. Ila ilikuwa imeota ukungu, ina vumbi lililogandana. Nikajiambia siwezi kumpelekea mtu kitu kichafu hivi.

Sasa mnajua manesi. Kitu kichafu sisi tunakifanyaje? Nikatoa pamba na spiriti kwenye kiboksi changu cha huduma ya kwanza. Nikaanza kufuta kuanzia katikati kwenda nje, kama ninavyosafisha ngozi kabla ya sindano.

Pamba ikatoka nyeusi. Nikafurahi, nikasema uchafu unatoka. Nikachukua nyingine. Nyeusi. Ya tatu nyeusi. Bibi amekaa pembeni ananiangalia. Pamba ya nne ndiyo nikaona vidole vyangu vinanata, na sahani inang'aa kama kioo. Vile vijistari havipo.

Haukuwa uchafu, jamani. Ulikuwa wimbo.

*Sehemu ya 3*

Fundi seremala jirani ndiye aliyenieleza, kwa upole kabisa. Santuri za zamani zile nzito hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa sheleki, yaani utomvu wa wadudu unaochanganywa na unga wa mawe. Sheleki hiyohiyo mafundi wanaipaka kwenye fanicha, na kabla ya kuipaka wanaiyeyusha kwa nini? Kwa spiriti. Mwenzenu nilichukua dawa inayoyeyusha kitu nikakipaka kitu kwa bidii zote.

Chuoni miaka mitatu ya diploma nilifundishwa kusoma lebo ya dawa mara tatu: unapoitoa kabatini, unapoichukua, na kabla ya kumpa mgonjwa. Sijawahi kuruka hatua hiyo wodini. Kwa santuri ya babu sikusoma wala kuuliza hata mara moja. Nilidhani ninachokijua kwenye ngozi kinatosha kila mahali.

Bibi aliichukua ile sahani, akaipapasa kwa vidole kama mtu anayetafuta mwiba. Hakunigombeza. Akaniambia, "Haya. Sasa utaniimbia wewe."

Nilitoka nje nikalia.

*Sehemu ya 4*

Ile ya Kirusi ilikwenda Musoma, na sikuigusa hata kwa kitambaa. Ikacheza. Ni simfoni, yaani kipande kirefu cha muziki wa okestra kubwa, violini, tarumbeta, ngoma, hakuna anayeimba. Hii ni Simfoni Namba 7 ya Dmitri Shostakovich, inaitwa "Leningrad". Nzima inazidi saa moja na dakika kumi, ndiyo maana ilitoka kwenye sahani mbili. Sisi tuna moja. Ya pili baba mkubwa anasema ilibaki bwenini au iliibiwa njiani, kila mwaka anasema tofauti.

Nilivyoisikia mara ya kwanza nilichoka mapema, nisiwadanganye. Halafu kuna mahali ngoma ndogo inaanza kwa mbali sana, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Wimbo mfupi unapita. Unarudi. Unarudi tena, kila mara vyombo vinaongezeka, na ile ngoma haiachi. Inakwenda kama dakika kumi hivi, mpaka unatamani mtu ailete nguvu aizime. Nikampigia baba mkubwa. Akaniambia, "Ndiyo hivyohivyo. Ni jeshi linakuja."

Akanisimulia. Wajerumani waliuzingira mji wa Leningrad kuanzia Septemba 1941 mpaka Januari 1944. Siku 872. Kipindi kibaya kuliko vyote, raia asiye mfanyakazi wa kiwandani alipewa gramu 125 za mkate kwa siku, tena mkate uliochanganywa na vitu visivyo unga. Mimi nimepima watoto wenye utapiamlo mkali, najua mwili unavyoanza kujila wenyewe. Watu mamia ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa. Shostakovich aliianza simfoni hiyo ndani ya mji ule mwaka 1941, akahamishwa, akaimalizia Kuibyshev mwezi Desemba.

Tarehe 9 Agosti 1942 ikapigwa ndani ya Leningrad yenyewe, mji ukiwa bado umezingirwa. Kiongozi wa okestra alikuwa Karl Eliasberg. Alipowaita wanamuziki mazoezini walitokea kumi na tano hivi, wengine walikuwa wamekufa au hawawezi kusimama. Ikabidi waongezewe chakula na waazimwe wapiga tarumbeta kutoka jeshini. Siku ya onyesho vipaza sauti vilipeleka muziki mpaka upande wa maadui.

Inasimuliwa pia kwamba mpiga ngoma mmoja alikuwa ameshahesabiwa maiti. Eliasberg akaenda chumba cha maiti kumtafuta, akaona vidole vinacheza. Mimi kama nesi hiyo niliisikiliza mara mbili. Kuthibitisha kifo ni kazi ya kutulia.

*Sehemu ya 5*

Sasa hapa ndipo ninapotaka tufike. Yule kijana alisema ya Kirusi ni adimu na ya babu imechoka. Alikosea, na sisi tungemwamini.

Angalia ile simfoni ilivyotunzwa. Hata kabla haijapigwa Leningrad, nota zake zilikuwa zimepigwa picha kwenye filamu ndogo, zikasafirishwa kupitia Tehran na Cairo. Julai 1942 Arturo Toscanini akaipiga New York, redioni, na London walikuwa wameshaipiga Juni. Vita vimepamba moto, meli zinazama, lakini muziki umeshafika mabara mawili. Leo ina rekodi nyingi na nota zimechapishwa. Sahani yetu ikivunjika kesho tutaumia sisi. Simfoni haitaumia.

Ya babu? Yule mwimbaji hatumjui jina. Nimeuliza Mugumu, nimeuliza Tarime, nimeuliza wazee wa pande zote mbili za mpaka. Hakuna mwenye nyingine. Labda ipo moja kwenye boma la mtu Kisii au kwenye rafu ya mzungu, mimi sijaipata. Kwa hiyo adimu ilikuwa ile iliyorudishwa kwenye sanduku, na mimi niliifuta kwa pamba nne.

Naomba mnielewe. Sisemi muziki wetu ni bora kuliko wa Warusi, wala sisemi kinyume chake. Nasema kilichoiokoa ile simfoni si ukubwa wake peke yake. Ni kwamba watu walihangaika kuitoa nakala mapema, wakati hali ni mbaya, bila kusubiri amani.

Na msidhani ni serikali tu ndiyo inaweza. Baada ya vita, hukohuko Leningrad, muziki mwingi ulikuwa umepigwa marufuku. Vijana wakatengeneza mashine ya kuchonga santuri, lakini hawakuwa na plastiki. Mnajua walitumia nini? Filamu za eksirei! Zile zilizotumika, zinazotupwa na hospitali. Wanazikata duara kwa mkasi, wanatoboa katikati kwa moto wa sigara, wanachonga muziki juu yake. Watu wakauita muziki wa kwenye mbavu. Unaishika sahani, unaona kifua cha mtu, na juu ya mbavu zake kuna jazi. Ukiicheza mara chache inachakaa, na waliokamatwa walifungwa. Mmoja wao, Ruslan Bogoslovsky, alifungwa zaidi ya mara moja, akitoka anarudi kuchonga.

Mimi na wewe tuna simu mfukoni yenye kurekodi, na hakuna anayetufunga.

*Sehemu ya 6*

Tuje kwetu. Historia yetu ya santuri imejaa nakala zilizopotea na chache zilizopona.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafirishwa kutoka Zanzibar mpaka Bombay kurekodi, kwa sababu huku hapakuwa na mitambo. Tunamsikia leo kwa sababu zile sahani zilichapwa nyingi, zikauzwa pwani yote, na baadhi zikapona.

Baada ya Uhuru bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na santuri zao nyingi zilichapwa Nairobi. Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, ukafunguliwa tena 1983. Watu wa Mara hatuhitaji kuelezwa mpaka kufungwa maana yake nini, Sirari tunaijua. Nyimbo nyingi za miaka hiyo zikabaki kwenye kanda za redio tu. Kanda nazo zinaliwa na joto na unyevu, kama chanjo kwenye friji isiyo na umeme. Kwa jicho zipo, ndani zimeshakufa.

Na kuna mfano wa jirani kabisa. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Afrika Mashariki akirekodi muziki wa asili. Kwa Wakipsigis alirekodi wimbo wa wasichana unaoitwa Chemirocha. Rekodi zake zikatunzwa Afrika Kusini, kwenye taasisi ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye, nakala zikarudishwa Kenya, wazee wakasikia sauti za ujana wao. Unaweza kumlaumu mzungu kuondoka na sauti za watu, na mimi swali la nani alinufaika nalo naliuliza. Lakini zilirudi kwa sababu kulikuwa na nakala ya kurudisha.

Wanaonibishia najua watasema: nesi, hospitali haina glavu wewe unaongelea santuri. Nimelisikia, tena kutoka kwa kaka yangu. Jibu langu ni kwamba hii haihitaji bajeti ya glavu. Kila wilaya ina afisa utamaduni. Siku moja ya gulio pale Mugumu, mashine moja ya santuri, kompyuta moja, tangazo la "leta santuri yako, ondoka nayo, tuachie nakala". Mwenye mali anabaki na mali yake, jina la mwimbaji linaandikwa, na familia yake ikijulikana inaulizwa kabla wimbo haujatumiwa popote. Wapiga litungu walio hai nao wakae chini ya mwembe warekodiwe, na walipwe, wasipewe soda.

Kuhusu kuuza, sina ugomvi. Mwenye njaa hatunzi makumbusho. Uza, ila toa nakala kwanza. Mnunuzi anayekukatalia kutoa nakala, huyo muulize vizuri.

*Sehemu ya 7, ya mwisho*

Mambo ya kufanya, kwa lugha ya wodini:

1. Usisafishe kabla hujajua ni ya nini. Nzito, ngumu, imeandikwa 78: hiyo ni sheleki. SPIRITI MARUFUKU, hata sanitaiza ya mikono. Brashi laini kavu au kitambaa laini kikavu, basi.

2. Zitunze zimesimama kama vitabu, mbali na jua na jiko. Zikilazwa moja juu ya nyingine kwa miaka, zinapinda na nyingine zinapasuka.

3. Ukirekodi, taja mwanzoni: tarehe, mahali, nani anaimba, lugha gani. Kwenye faili la mgonjwa huduma isiyoandikwa ni kama haikutolewa. Sauti isiyo na jina nayo baada ya miaka thelathini haina ndugu.

4. Weka nakala sehemu tatu: simu yako, simu ya mtu anayeishi mji mwingine, na kwenye barua pepe yako. Simu moja ikiingia maji ndiyo imeondoka.

5. Waulize wazee leo. Usisubiri likizo.

Hiyo ya tano niliifanya kwa kuchelewa. Wiki ile ya pamba nilirudi kwa bibi jioni, nikamwambia, siwezi kuimba kwa sababu sikuwahi kuusikia, niimbie wewe. Akakataa. Kesho yake akakataa tena, akasema sauti yake imekuwa ya mbuzi. Siku ya tatu, anachambua mchicha, akaanza mwenyewe. Nikawasha simu taratibu. Akaimba beti mbili, ya tatu akaikwama, akacheka, akaniambia hapo litungu ndilo lilikuwa linasema. Akalifanya kwa mdomo. Dakika moja na sekunde arobaini, na kuku wanasikika.

Bibi alitutoka mwaka jana, mwezi wa Juni. Tulipiga ile sauti matangani. Mzee mmoja kutoka kijiji cha jirani akanyanyua kichwa, akasema huo wimbo ana beti yake nyingine. Nimemrekodi. Sasa tuna beti tatu, na nakala ziko kwangu, kwa kaka Mwanza na kwa baba mkubwa.

Ya Kirusi haikuuzwa. Baba mkubwa alipokuja msibani aliligeuza jalada akanionyesha mwandiko wa kalamu, mistari miwili. Ni wa mama aliyekuwa mlinzi wa bweni lao, alikuwa mtoto ndani ya mji ule mwaka 1942. Alimpa santuri hiyo siku ya kuondoka. Kwa hiyo nami nilikuwa nimekosea kidogo niliposema simfoni ina nakala nyingi: muziki unazo, mwandiko wa yule mama hauna. Nimeupiga picha. Mabati ya jiko tulichanga.

Mwenye santuri yoyote ya Kingoreme, Kikuria, Kiikoma au Kinata, hata iliyopasuka kidogo, aniandikie hapa chini. Naomba kuisikia tu na kutoa nakala, sahani ubaki nayo. Na kama kuna mtu nyumbani kwao ana nzito ya 78 yenye mwanamume na litungu peke yake, bila gitaa, karatasi nyekundu iliyofifia, tafadhali sana usiifute. Niite nije.

Nalala sasa. Zamu inaanza saa mbili usiku. Kesho kutwa tunarudi kwenye presha.